Barabara Ingeweza Kupinda

Shinyanga,
Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Masunga,

Salamu sikuandikii, maana bado uko humu humu nyumbani. Nakusikia uani ukibishana na wadogo zako nani abaki na mpira wako. Kesho gari moshi litakuchukua mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka pwani, nawe utaingia chuo cha serikali kujifunza kupima ardhi. Tangu asubuhi watu wanakuja kunipongeza. Nimewashukuru "wabeja, wabeja" mpaka ulimi umekauka. Baba yako alivaa kofia yake akatoka. Hakusema anakwenda wapi, wala sikumuuliza.

Habari za blanketi, michembe ya viazi na kwinini nimekwisha kukuambia kwa mdomo, nawe utazisahau kama watoto wote wanavyosahau. Hapa nataka kukujibu swali lako. Uliporudi kutoka kwa bibi yako Kharumwa, ukiwa bado mdogo, ulisimama katikati ya barabara mpya na kifurushi chako kichwani ukauliza, "Mama, nyumba yetu iko wapi?" Baba yako akasema imejengwa upya. Ukanitazama mimi, nami nikajifanya naufunga mkanda wa mtoto mgongoni. Hukuuliza tena. Nilidhani umesahau, mpaka siku ile ulipotusomea kwamba umechaguliwa kuwa mpimaji. Ulimaliza kusoma, ukanitazama kwa jicho lile lile.

Nyumba yetu ilikuwa Mtaa wa Minyaa. Jina limekufa, sasa husikii mtu akilitaja isipokuwa wazee wakikosea. Mtaa ule aliuanzisha mzee Feruzi, baba yake Bi Zena, ambaye alikuwa mpagazi wa misafara enzi za kubeba mizigo kwa mabega kutoka pwani. Alichoka kubeba, akakaa hapa, akachimba kisima, akapanda minyaa kuzunguka ua wake. Akaja Msumbwa mhunzi akapanda ya kwake. Wakaja Wasukuma wenye ng'ombe, Wamanyema, watu wa Unyanyembe, kila mmoja akapanda ukuta wake wa minyaa ukigusana na wa jirani. Hakuna aliyepima. Njia zilipita pale ng'ombe walipopita, zikajipinda kama utumbo. Kufika kwetu ulipita uani kwa watu, na kila ua ulikuuliza umeamkaje, mama yako hajambo, mbona leo unakohoa. Waislamu, Wakristo, wenye kutambikia mizimu ya babu zao, wote walisikiana wakiswali, wakiimba na wakigombana, maana mnyaa hauzuii sauti.

Nisikudanganye, mwanangu. Watu wa siku hizi wakikaa kwenye pombe wanausifu mtaa ule kama bustani ya Edeni. Ulinuka. Nyasi za mapaa zilivuja, mchwa walikula milango, nyoka walilala kwenye minyaa. Vyoo vilikuwa karibu na kisima, na masika ya kwanza maji yalibadilika rangi yakawa kama chai. Mimi nilitoka Kharumwa, binti wa misheni, najua kusoma na kuandika na kushona ushungi wa kanisani. Nilipoletwa Minyaa kuolewa nililia mwezi mzima. Wanawake walinicheka kwa sababu nilikuwa napiga hodi penye uwazi usio na mlango.

Aliyenipokea ni Bi Zena. Wakati ule alikuwa mtu mzima tayari, mjane, mwenye ua mkubwa kuliko wote. Alinifundisha kupika kwa mavi ya ng'ombe makavu, kuni zikiadimika. Alinifundisha kunyamaza baba yako anapohesabu vifungo, maana mshona nguo akikatizwa hukasirika. Dada yako Kabula alizaliwa mikononi mwake.

Kabula unamjua kwa jina tu. Tulikuambia alikufa kwa homa. Haikuwa homa. Lilikuwa tumbo, wakati wa mvua. Alianza kuharisha alfajiri, na jua lilipozama hakuwa na maji tena mwilini hata ya machozi. Alikuwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Bi Zena alimwosha. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya minyaa, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa na njia ya makaburi ya kanisa ilikuwa imekatika. Padri alikuja siku ya pili akabariki mahali pale. Baba yako alichomeka tawi la mnyaa upande wa kichwa, likashika.

Baadaye bwana afya alipita na chupa zake, akasema maji ya kisima ni mabaya. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Zena. Alikuwa anachambua mtama. Nilimwambia, "Kisima cha baba yako kimeniulia mtoto."

Aliendelea kuchambua mtama, mimi nikaondoka. Kesho yake asubuhi nilikuta mlangoni kwangu chungu cha maji yaliyochemshwa, kimefunikwa kwa ungo. Na kesho yake tena. Aliniletea mpaka wewe ulipozaliwa, ukanyonya, ukaacha ziwa. Kuni zake, mikono yake. Nami nilipokea maji yake kila siku bila kumsamehe, kwa sababu nilihitaji pa kuweka hasira yangu. Hasira ile niliitunza miaka na miaka, na ndiyo iliyoniongoza siku nilipohitaji akili.

Baada ya vita mji ulianza kufura. Almasi ilikuwa imeonekana Mwadui, malori yakawa yanapita mchana kutwa, pamba nayo ilipanda, na watu wakaja kutoka kila upande, wengine wakienda mgodini, wengine wakitoka kwenye dhahabu ya Geita wakitafuta pa kufanyia biashara. Kila mfanyabiashara alitaka duka karibu na stesheni. Karibu na stesheni palikuwa na Minyaa.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzungu kijana, mwembamba, mwenye ramani iliyoviringishwa kama mkeka. Liwali alituita tukakaa kwenye uwanja wa ngoma. Mkalimani akaeleza kwamba boma limekusudia kupitisha barabara kutoka stesheni hadi soko jipya, na bomba la maji, na kwamba nyumba za nyasi hazitakiwi tena mjini. Watu walinung'unika, wengine wakainuka kuondoka. Bi Zena ndiye aliyesimama. Alimwambia mkalimani amwombe yule kijana atembee naye mtaani kabla ya kusema zaidi, tena avue kofia, maana matawi yako chini.

Kijana alivua kofia akamfuata. Walizunguka asubuhi nzima. Alimwonyesha kila ua, nani kazaliwa wapi, nani kazikwa wapi, ngoma za wachezaji wa msimu wa mavuno zinawekwa kwa nani, mgonjwa wa ukoma analishwa na nyumba zipi. Alimwonyesha vyoo pia, hakumficha. Waliporudi uwanjani, Bi Zena alisema neno ambalo mtaa mzima ulilisikia:

"Kisima alichimba baba yangu, nami nakubali kizibwe leo. Vyoo tuvihamishe. Nyasi tutaziondoa pole pole kila mtu kwa uwezo wake. Maji yabadilike, watu wabaki."

Aliposema kisima kizibwe hakunitazama, lakini nilijua anasema na mimi.

Yule kijana alirudi na ramani nyingine. Humo barabara ilitoka stesheni imenyooka, ilipofika Minyaa ikapinda kushoto, ikafuata ukingo wa korongo ambapo hapakuwa na kitu, kisha ikarudi kutokea sokoni. Bomba liliwekwa katikati ya mtaa. Nyua zikabaki. Hakuna aliyeshangilia sana, kwa kuwa tulidhani ndivyo mambo yanavyokwenda: watu wanasema, wanasikilizwa, mstari unapindishwa. Hatukujua kwamba tumeona kitu ambacho hatutakiona tena. Nakuandikia hili, Masunga, kwa sababu huko uendako watakuambia kwamba haiwezekani, kwamba ama mji mpya ama vibanda vya zamani. Iliwezekana. Niliiona ikiwa imechorwa kwa wino.

Kijana yule alikwenda likizo kwao, hakurudi. Aliletwa mwingine, mtu mzima, mpole wa maneno. Huyu hakutembea mtaani. Alisema mpindo ule unapoteza viwanja vizuri. Barabara ikinyooka, kila upande utapata viwanja vya maduka. Na wenyeji ambao nyumba zao ziko upande wa mbele wangepewa wao kwanza kiwanja kinachotazama barabara, chenye hati. Nyumba yetu ilikuwa upande wa mbele.

Sasa nikuambie nilichotaka, maana nimechoka kujisikia nikisema kwamba tulidanganywa. Nilitaka baba yako awe na chumba cha mbele cha kushonea, chenye dirisha la kioo. Nilitaka paa la bati, usiku wa mvua nisihamishe kitanda. Nilitaka ukuta ambao jirani hasikii nikilia. Nilitaka kuishi mahali ambapo mtoto wangu hakufia. Yote hayo ni haki ya mtu kuyataka, hata leo sijutii kuyataka. Lakini majirani waliniletea karatasi ya boma niwasomee, kwa kuwa miongoni mwa wanawake nilikuwa peke yangu ninayesoma, na niliisoma kama mtu anayesoma Injili. Maneno ya bomba na hospitali niliyasoma taratibu. Maneno ya kwamba asiyejenga kwa tofali la saruji kwa muda uliopangwa atanyang'anywa, niliyapitia mbio. Sikuyaficha. Niliyasoma kwa sauti kabisa. Ila unajua mwenyewe namna mtu anavyosoma jambo ambalo hataki lijadiliwe.

Siku ya mkutano yule bwana alisema, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba hataki kumlazimisha mtu. Wanaotaka kiwanja cha barabarani wasimame upande wa kulia.

Hakuna aliyeinuka. Bi Zena alikaa kwenye kigoda chake, mikono magotini. Baba yako alikuwa na wanaume wenzake, ameinamisha kichwa. Alikuwa ameniambia tangu jana yake kwamba moyo wake haupo, kwamba mtaa ukikatwa mbele, nyuma hautasimama. Nilimjibu kwamba anaogopa maendeleo kama wazee wa ng'ombe. Basi niliinuka mimi. Nilitembea kwenda upande wa kulia nikasimama peke yangu, nikamtazama. Alikaa kwa muda mrefu. Kisha akaja akasimama karibu nami, bila kunigusa. Baada yake wakaja wenye nyumba za mbele, mmoja mmoja, wakisema kama Baba Masunga amekubali, sisi ni nani. Hawakujua kwamba Baba Masunga hakukubali kitu. Alimfuata mkewe tu, asisimame peke yake mbele za watu.

Mkalimani akatangaza kwamba wenyeji wamekubali. Ramani yenye mpindo ikaviringishwa.

Tulipokuwa tunatawanyika nilipita mbele ya Bi Zena. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Masunga, na yule mtoto?"

Nilidhani anauliza habari zako. Nilimjibu kwamba hujambo, tutakupeleka Kharumwa kwa bibi yako wakati wa ujenzi, vumbi lisikuumize. Alinitazama, akatikisa kichwa, akasema vyema.

Hukuwapo walipokuja kukata minyaa. Boma lilileta wafungwa wenye mapanga. Unajua utomvu wa minyaa ulivyo, mweupe kama maziwa, ukiingia jichoni unaweza kumpofua mtu. Wale wafungwa wengine walikuwa wageni, hawakujua. Kufika saa nne walikuwa wameketi chini, wameziba macho, wanalia kama watoto, na askari anawapigia kelele wainuke. Bi Zena alitoka na kibuyu cha maziwa ya mbuzi. Aliwalaza chali mmoja mmoja kichwa mapajani mwake, akawaosha macho. Askari alimwambia aache, hao wanabomoa nyumba yake. Alisema hao wametumwa, na wana mama zao. Alimaliza wa mwisho, akasimama, akaingia ndani kufunga vyombo vyake. Baada ya hapo, wale aliowaosha macho ndio waliovunja ukuta wake. Udongo wa nyumba yake ulijaza kisima.

Watu wa nyuma walichukuliwa na malori mpaka ng'ambo ya reli, wakapewa mahali peupe pasipo na mti. Walishushwa kwa jinsi malori yalivyofika, si kwa jinsi walivyoishi. Mhunzi akatupwa huku, ndugu yake kule. Mgonjwa wa ukoma akawekwa kati ya watu wasiomjua, na nyumba zilizokuwa zikimlisha zikawa mbali. Hakuumaliza mwaka. Vijana wengi waliona hakuna cha kukalia, wakaenda zao Geita kuchimba dhahabu, na mama zao mpaka leo wanauliza habari zao kwa kila msafiri. Hakuna askari aliyempiga mtu. Hakuna aliyetukanwa. Mtaa ulikufa kwa adabu.

Kisha vikaja vigingi.

Waliokuwa wanapima walikuwa vijana wetu, Waafrika, wakivuta mnyororo, wakiimba. Niliwapelekea togwa. Walipigilia kigingi cha pembe ya kiwanja chetu, nikauliza mstari unapita wapi, wakanionyesha kwa mkono. Ndipo nilipolielewa swali la Bi Zena. Nyumba yetu ya zamani na kiwanja chetu kipya havikuwa kitu kimoja. Mstari ulipita mbele ya tawi lile la baba yako, nalo lilikuwa limekatwa na wafungwa pamoja na mengine. Dada yako aliangukia upande wa pili, kiwanja cha mtu mwingine, hatua chache tu.

Nilikwenda boma. Karani alikuwa kijana mwenye heshima, aliniamkia "shikamoo mama", akanipa kiti. Alifungua ramani akatafuta kwa kidole. Akasema kwa huruma ya kweli kwamba mahali pale hapana kitu. Nilimwambia yupo mwanangu. Akasema, "Mama, kwenye ramani hayumo." Sikumchukia. Alisema alichokiona. Aliyepaswa kusema kabla ramani haijachorwa alikuwa mimi, na siku ile nilisimama upande wa kulia nikitazama dirisha la kioo.

Baba yako alikwenda usiku na jembe. Alikuta msingi umekwisha kuchimbwa. Kesho yake aliwauliza vibarua, wakasema hawakuona kitu, na inawezekana ni kweli, mifupa ya mtoto mdogo ni kama ya kuku. Sasa pale ni bohari la mbegu za pamba. Wewe umecheza kwenye kivuli cha ukuta wake miaka yote. Nilikuwa nakufukuza, ukadhani mama yako anamwogopa mwenye bohari.

Na kile kiwanja cha kutazama barabara kilitushinda. Saruji na bati na muda viliungana dhidi yetu. Kabla hatujanyang'anywa, tulimwachia sehemu ya mbele mfanyabiashara mmoja wa kutoka Mwanza, naye akatujengea vyumba hivi viwili vya nyuma. Hakutudhulumu, tulikubaliana. Dirisha la kioo lipo, unalijua, lina makopo ya siagi na vitambaa vyake. Baba yako anashona uani, na wateja wanaopita dukani wanamkuta kwa kuuliza. Kule Minyaa alikuwa na baraza lenye watu kuanzia asubuhi. Ulikuwa unamwona baba yako ni mtu wa kimya. Hakuwa hivyo. Alikuwa mcheshi, watu walileta nguo ambazo hazijachanika ili wakae wamsikilize.

Hajawahi kunilaumu, hata siku moja. Angenilaumu tungegombana, tukalia, yakaisha. Lakini alinyamaza kwa upole, na upole wa namna hiyo huwezi kuugombeza. Ukioa, mwanangu, gombana na mkeo mpaka neno litoke. Usimfuate kwa kimya mahali ambapo moyo wako haupo, ukadhani ndio mapenzi. Mimi nilihitaji mume wa kubaki ameketi.

Umenisikia nikisema kwa uchungu, sasa sikia na upande wa pili, usije ukadhani mama yako amekuwa mpumbavu wa kulilia vyoo. Bomba lilikuja. Lipo hapo nje, na maji yake ni safi. Wadogo zako wawili wamezaliwa na kukua bila kujua kuharisha kule. Mama wengi wa mji huu wana watoto hai kwa sababu ya bomba lile, na barabara ile imewafikisha wagonjwa hospitali kabla hawajakata roho. Kila asubuhi nikikinga ndoo ninakumbuka kwamba nilikuwa na haki, na bado sipati raha. Kwani maji hayakuhitaji barabara inyooke. Bomba hupinda. Yule kijana mwembamba alikuwa amelipindisha. Tulipewa maji tukaambiwa bei yake ni majirani, nasi hatukuuliza nani kaipanga bei, maana baadhi yetu tulikuwa tayari kuwauza.

Ndiyo maana siwezi kukuambia usiende. Watu wangu wa kanisani wanadhani nalia kwa sababu mwanangu anaondoka. Baba yako aliposikia ni upimaji alitoka nje akasimama gizani, lakini ada za shule yako alizishonea yeye mwenyewe na hatakuzuia. Mji utaendelea kukua, ukitaka usitake. Afadhali mnyororo ushikwe na mtu aliyefukuzwa kuliko na mtu ambaye hajawahi kuhamishwa hata kitanda. Ila usijiamini sana kwa kuwa umezaliwa hapa. Vijana wale niliowapa togwa nao walizaliwa hapa. Na mimi niliishi Minyaa miaka mingi kuliko wengi, nikawa wa kwanza kusimama. Mtu hawi mlinzi wa mahali kwa kuzaliwa hapo. Wala kujua kusoma hakukufanyi uwe macho ya wasiosoma; kwanza waulize wanataka kuona nini.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kwa miaka yote hii sikuvuka reli kwenda kumwona Bi Zena. Tulikutana sokoni mara moja moja, tukasalimiana, tukapishana. Wiki iliyopita nilijilazimisha. Nilikuta amezeeka sana, macho yamefunga ukungu, anaishi na mjukuu wake wa kike. Lakini nilistaajabu, Masunga. Pale peupe pasipo na mti amepanda minyaa. Imefika kifuani. Jirani yake naye amepanda, na wa tatu, imeanza kugusana. Watoto walikuwa wanapita katikati bila kupiga hodi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanijua kwa sauti. Nikamwambia Masunga anakwenda pwani kujifunza kupima ardhi.

Alicheka kidogo, si kwa ubaya. Alimwita mjukuu wake, akamwambia anishike mkono anipeleke nyuma ya nyumba nikaone. Nilikwenda. Kwenye nyasi kulikuwa na kigingi kipya, kimepakwa rangi nyeupe kichwani, na kingine mbele yake, na kingine, vimenyooka kuelekea uwanda. Mjukuu akasema waliokuja hawakuingia uani, walipita nje tu, na mtu wa boma amesema kazi yenyewe bado, ni ya miaka michache ijayo, mpaka wapatikane wapimaji wa kutosha.

Nilirudi ndani. Bi Zena alikuwa ananisubiri. Akasema, "Mwambie ajifunze vizuri. Na akiletwa yeye, aingie ndani."

Basi nimekuambia. Soma ukiwa garini, na ukimaliza usinijibu haraka ili kunifurahisha. Baba yako amerudi, namsikia anakuita umsaidie kukaza kamba ya sanduku lako. Nenda.

Mimi mama yako,
Mama Masunga na Kabula